Kijitabu cha Kliniki: Kinavyomsaidia Mzazi, na Pale Kinapomwacha

Mzazi anayetafuta msaada wa kiafya tangu ujauzito hadi mtoto anapokua hakosi mahali pa kuuliza. Zipo programu za simu zinazohesabu wiki za mimba, upo ujumbe mfupi unaoingia kila wiki, zipo namba za kupiga ili kuzungumza na muuguzi, wapo ndugu na majirani wenye ushauri usiokwisha, na ipo kliniki yenyewe. Kati ya hayo yote, kipo kitu kimoja ambacho wengi wetu hukabidhiwa siku ya kwanza ya kliniki, tukakitia kwenye mkoba pamoja na vidonge, kisha tukakitoa tu pale muuguzi anapokidai. Hicho ni kijitabu cha afya ya mama na mtoto, ambacho wengi bado hukiita kadi ya kliniki. Nimekitumia kwa mimba mbili na watoto wawili, na wakati huohuo nilikuwa na programu kadhaa za simu zinazoahidi kazi ileile. Tathmini yangu ni kwamba kijitabu hiki ndicho msaada bora kuliko vyote hivyo, ila kwa sharti moja: kijazwe na kisomwe mzazi akiwa pale, si kwa niaba yake.

Wazo lenyewe si la jana. Japani ilianza kuwapa wajawazito kijitabu chao mwaka 1942, na mwaka 1948 ikaunganisha kumbukumbu za mama na za mtoto katika kijitabu kimoja, mtindo ambao nchi nyingi zimeufuata kwa namna zao. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaopendekeza kumbukumbu za aina hii zitunzwe nyumbani zikikamilisha zile za kituo, kwa sababu zinasaidia familia kutafuta huduma mapema, zinaboresha malezi na ulishaji wa mtoto, zinawashirikisha akina baba, na zinarahisisha mazungumzo kati ya mama na mhudumu. Mwongozo huohuo ulikiri kwamba ushahidi uliopo hautoshi kusema ni muundo gani wa kijitabu ulio bora kuliko mwingine. Ndiyo maana ninaona ni haki yetu watumiaji kusema kinachofaa na kisichofaa katika vijitabu tulivyopewa.

Nianze na ukurasa wa mahudhurio ya ujauzito, kwa kuwa hapo ndipo kijitabu kinapoonyesha thamani yake yote. Ni jedwali lenye safu nyembamba: tarehe, uzito, shinikizo la damu, wingi wa damu, protini kwenye mkojo, umri wa mimba kwa wiki, kimo cha mimba, mlalo wa mtoto, kitangulizi (yaani kiungo cha mtoto kinachotangulia chini), mtoto kucheza, mapigo ya moyo wake, na tarehe ya kurudi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unapendekeza mjamzito akutane na mhudumu angalau mara 8, mara ya kwanza ikiwa ndani ya wiki 12 za mwanzo, kisha wiki ya 20, 26, 30, 34, 36, 38 na 40. Ukiitazama ratiba hiyo utaona jinsi mahudhurio yanavyosongamana kuelekea mwisho, na sababu yake ni kwamba shinikizo la damu, mlalo mbaya na ukuaji hafifu wa mtoto huzidi kujitokeza katika miezi hiyo. Mama anayesema mimba imekwenda vizuri hivyo hana haja ya kwenda tena wiki ya 38 anaacha kupimwa wakati ambapo kipimo kina maana kubwa zaidi.

Nguvu ya jedwali hilo haimo katika tarakimu moja, imo katika mfuatano wa tarakimu. Katika mimba yangu ya pili shinikizo la damu lilianza kwa 110/70, likawa 118/76, kisha 126/82, na hatimaye 138/88. Kila mara nilipopimwa niliambiwa kwamba presha ni nzuri, na kila mara ilikuwa kweli, kwa kuwa kikomo kinachotiliwa shaka ni 140/90. Siku ile ya tarakimu ya nne nilihudumiwa na muuguzi ambaye hakuwahi kuniona. Kabla ya kuandika chochote alishusha kidole chake kwenye safu ya presha kuanzia juu, mstari kwa mstari, akanyamaza kidogo, kisha akaniambia, “Dada, kaa pale kwenye benchi upumzike, nitakupima tena.” Aliponirudia aliniuliza kama nimeumwa kichwa wiki hiyo, kama macho yanaona ukungu, kama nina maumivu juu ya tumbo chini ya mbavu, na kama pete ya kidoleni imeanza kubana. Akapima mkojo, na badala ya kunipa tarehe ya mbali aliniandikia nirudi baada ya siku chache. Muuguzi huyo hakuwa na mashine mpya. Alikuwa na ukurasa mmoja uliojazwa vizuri na wenzake waliomtangulia, na uzoefu wa kuusoma.

Maswali aliyoniuliza ndiyo maswali ya kifafa cha mimba, ugonjwa ambao huanza kwa shinikizo la damu kupanda baada ya wiki ya 20, mara nyingi pamoja na protini kwenye mkojo, na ambao unaweza kuua mama na mtoto usipogunduliwa. Mwanzoni mjamzito anaweza asihisi chochote. Hii ndiyo hoja yangu kubwa dhidi ya kutegemea programu ya simu peke yake: programu hukuuliza unajisikiaje, ilhali hatari hii hukua hata kwa mtu anayejisikia vizuri kabisa. Lazima mkono ufungwe kitambaa cha kipimo, na tarakimu iandikwe mahali ambapo anayefuata ataiona.

Kimo cha mimba nacho kinastahili maneno machache, maana akina mama wengi huona utepe ukipitishwa tumboni bila kuambiwa unatafuta nini. Baada ya takribani wiki ya 24, sentimita kutoka kwenye mfupa wa kinena hadi juu ya mji wa mimba hukaribiana na idadi ya wiki za mimba. Tofauti kubwa inaweza kuashiria kwamba tarehe zilikosewa, kwamba wapo mapacha, kwamba maji ni mengi au machache, au kwamba mtoto hakui inavyotakiwa. Ndiyo maana kipimo cha ultrasaundi kabla ya wiki ya 24 kinapendekezwa, kwani mapema humo ndipo umri wa mimba unapoweza kukadiriwa vyema, na kosa la wiki chache mwanzoni huharibu usomaji wa safu zote zinazofuata.

Kuna kasoro hapa ambayo siwezi kuipitia kimya. Visanduku ni vidogo mno, na vifupisho vimejaa kiasi kwamba mama aliyesoma hadi chuo kikuu hawezi kujua kilichoandikwa juu ya mwili wake mwenyewe. Kijitabu kinachokaa nyumbani kwa mama kinapaswa kusomeka na mama. Ilinibidi nimwombe mkunga anitafsirie kila kifupisho, nikaandika maana zake kwa penseli pembeni, na nashangaa kwamba ukurasa mmoja wa maelezo hayo haukuchapishwa tangu mwanzo. Pia hakuna mahali pa kuandika maswali. Mjamzito hufika kliniki na maswali matano kichwani, hupimwa, huambiwa yuko sawa, na hukumbuka maswali yake akiwa njiani kurudi nyumbani. Mistari mitano mitupu chini ya kila tarehe ingetosha.

Jambo jingine zito ni usiri. Kijitabu hukaa kabatini au juu ya meza, na ndugu yeyote anaweza kukifungua. Humo yamo majibu ya vipimo vya VVU na kaswende, pamoja na historia ya mimba zilizotangulia, na si kila mama yuko mahali salama pa kuyafanya hayo yajulikane. Vijitabu vingine hutumia alama za siri badala ya maneno, jambo ambalo ni zuri, ingawa alama hizo huzoeleka upesi mitaani. Ushauri wangu kwa mama mwenye wasiwasi ni amwambie mhudumu waziwazi kabla kalamu haijagusa karatasi, na aulize ni taarifa zipi zinaweza kubaki kwenye rejista ya kituo.

Baada ya kujifungua ndipo kijitabu kinapoanza kulegea, na kwa bahati mbaya hapo ndipo mzazi anapohitaji msaada kuliko wakati wowote. Mwongozo wa mwaka 2022 wa Shirika la Afya Duniani unataka mama na mtoto wakae kituoni angalau saa 24 baada ya kujifungua salama, kisha waonwe tena kati ya saa 48 na 72, kati ya siku ya 7 na ya 14, na katika wiki ya 6. Katika kijitabu changu nafasi za mahudhurio hayo zipo, zimepangwa vizuri, lakini kwa akina mama wengi niliowaona foleni nafasi mbili za katikati zilikuwa tupu. Mama ameruhusiwa, ameambiwa arudi kwa chanjo, na siku zile ambazo maziwa yanaingia, kitovu kinakauka na manjano yanajitokeza, hakuna aliyeandika chochote. Ukipewa kijitabu, fungua ukurasa huo kabla hujatoka wodini na uombe tarehe zote zijazwe mbele yako. Tarehe iliyoandikwa hudaiwa kirahisi kuliko ahadi ya mdomo.

Orodha ya dalili za hatari za mtoto mchanga ipo, lakini wachapishaji wameiweka nyuma, kwa herufi ndogo, kana kwamba mtu ataitafuta kwa utulivu saa tisa za usiku huku mtoto akilia. Mimi niliinakili kwa herufi kubwa nikaibandika ukutani karibu na kitanda, na ninamsihi kila mzazi afanye hivyo. Mtoto mchanga anayekataa kunyonya au asiyeweza kunyonya, anayepata degedege, anayepumua mara 60 au zaidi kwa dakika, ambaye kifua chini ya mbavu kinabonyea ndani kila anapovuta pumzi, mwenye joto la nyuzi 37.5 au zaidi au lililo chini ya 35.5, aliyelegea na haamki anapoguswa, au ambaye manjano yamefika viganjani na kwenye nyayo, huyo apelekwe kituoni mara moja, usiku au mchana. Vivyo hivyo kwa kitovu kinachotoa usaha au chenye wekundu unaosambaa kwenye ngozi.

Kuhesabu pumzi kunahitaji maelezo ambayo kijitabu hakiyatoi. Mtoto awe ametulia, halii wala hanyonyi. Mfunue kifua na tumbo, tazama jinsi tumbo linavyopanda na kushuka, na uhesabu kwa dakika nzima kwa kutumia saa. Usihesabu nusu dakika ukazidisha kwa mbili, kwa sababu watoto wachanga hupumua kwa mafungu, wakiharakisha kidogo kisha wakitulia kidogo. Ukipata 60 au zaidi, hesabu tena. Ikibaki hivyo, ondoka. Kikomo hubadilika kadiri mtoto anavyokua: kwa mtoto wa miezi 2 hadi 12 ni pumzi 50 kwa dakika, na kuanzia mwaka mmoja hadi miaka 5 ni 40. Tarakimu hizi ndizo wahudumu wenyewe huzitumia kutafuta nimonia, na hakuna sababu ya kumnyima mzazi.

Kuhusu mama mwenyewe, ukimya wa kijitabu hiki unanisikitisha. Ukurasa mmoja unataja damu nyingi, homa na uchafu wenye harufu mbaya, na unafanya vyema kuvitaja. Hautaji kwamba kifafa cha mimba kinaweza kujitokeza hata baada ya mtoto kuzaliwa, hivyo maumivu makali ya kichwa katika wiki hizo si ya kunywea dawa na kulala. Hautaji mguu mmoja kuvimba na kuuma, ambao unaweza kuwa na damu iliyoganda kwenye mshipa. Wala hakuna hata mstari mmoja unaouliza mama analalaje, analia mara ngapi, au kama amewahi kuwaza kujidhuru. Machozi na mabadiliko ya hisia katika siku za mwanzo huwapata akina mama wengi na hupungua yenyewe. Yakivuka wiki 2, au yakija na kukata tamaa na kutomjali mtoto, huo ni ugonjwa unaotibika. Tangu mwaka 1987 kuna dodoso la maswali 10 lililotungwa na watafiti wa Uskoti, linalojulikana kwa jina la jiji la Edinburgh, ambalo mama hulijaza kwa dakika chache na ambalo limetafsiriwa kwa lugha nyingi. Kijitabu kinachopata nafasi ya picha za mapambo kwenye jalada kingeweza kupata nafasi ya maswali 10.

Ukurasa wa chanjo hauna la kulalamikia. Tarehe iliyotolewa, tarehe ya kurudi, na namba ya chanjo yenyewe vyote vina nafasi yake, na shule na vituo vipya huukubali bila maswali. Niongeze tu kwamba mtoto aliyekosa dozi haanzi upya. Huendelea pale alipoishia, kwa hiyo aibu ya kuchelewa isimzuie mtu kurudi.

Chati ya ukuaji ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo inayotumiwa vibaya kuliko zote. Asili yake inamrudisha mtu kwa daktari Mwingereza David Morley, ambaye alipokuwa akifanya kazi vijijini Nigeria miaka ya 1950 alibuni kadi ya uzito anayokaa nayo mama mwenyewe, ili dalili za utapiamlo zionekane kabla mtoto hajakonda machoni pa watu. Mistari iliyomo katika vijitabu vingi vya leo inatokana na viwango vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2006, vilivyopatikana kwa kuwafuatilia watoto wa Brazil, Ghana, India, Norwei, Omani na Marekani ambao walinyonyeshwa na kulelewa katika mazingira yanayofaa. Matokeo yake yalikuwa ya kutia moyo: watoto wadogo wakipata malezi na lishe inayotakiwa hukua kwa namna inayofanana sana popote walipo. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba watoto wa ukoo wenu ndivyo walivyo, wadogowadogo, usiridhike na jibu hilo kabla ya kuutazama mstari.

Niliwahi kukaa kwenye benchi karibu na mama kijana aliyekuwa na mtoto mchangamfu wa miezi minane. Muuguzi alimpima mtoto, akatafuta miezi kwenye mstari wa chini na kilo kwenye mstari wa pembeni, akaweka nukta, kisha akaunganisha nukta tatu za mwisho kwa rula. “Mama, mtoto hajapungua,” akamwambia, “lakini tazama, mstari wa kitabu unapanda na wa kwako umelala.” Yule mama aliinama akautazama kwa muda. Uzito ulikuwa uleule kwa miezi mitatu, na kwa kuwa nukta bado ilikuwa ndani ya njia ya kawaida, mtu anayetazama nukta peke yake angesema hali ni njema. Walizungumza hapo hapo juu ya mara ngapi mtoto hulishwa kwa siku, nani humlisha mama anapokwenda kazini, na kuhara kulikompata mwezi uliotangulia. Mazungumzo hayo hayakuchukua dakika kumi, na yalianza kwa sababu mstari ulichorwa. Katika vituo vingi nukta huwekwa na mstari hauchorwi, au kilo huandikwa pembeni na chati huachwa tupu. Mzazi ana haki ya kusema kwa adabu, “Nesi, naomba unichoree mstari unionyeshe.”

Tahadhari moja kwa wazazi wa watoto wachanga: uzito hupungua katika siku za kwanza, kwa kawaida si zaidi ya asilimia 10, na hurudi ulipokuwa wakati wa kuzaliwa kufikia wiki ya pili. Na kwa mtoto njiti, yaani aliyezaliwa kabla ya wiki 37, umri unaopaswa kutumika kwenye chati ni ule uliopunguzwa wiki alizowahi kuzaliwa. Nimeona wazazi wa njiti wakirudi nyumbani na huzuni isiyo na sababu, kwa kuwa mtoto aliyewahi kwa miezi miwili alilinganishwa na wenzake waliotimiza siku zao.

Hatua za ukuaji ni mahali pengine ambapo kijitabu kinashinda simu. Programu niliyoipenda zaidi kwa uzuri wa picha zake ilinitumia taarifa mwanangu alipofikisha mwaka mmoja ikisema kwamba sasa anapaswa kutembea, na iliendelea kuniuliza kila wiki kama ameanza. Kijitabu kina kisanduku kirefu badala ya tarehe, na hilo ndilo sahihi. Katika uchunguzi wa watoto wa nchi tano kati ya zile sita nilizozitaja, watoto wenye afya walianza kukaa bila kushikiliwa wakati wowote kati ya miezi 3.8 na 9.2, na kutembea wenyewe kati ya miezi 8.2 na 17.6. Wachache hawakutambaa kwa mikono na magoti kabisa, wakasimama moja kwa moja. Kinachopaswa kumpeleka mzazi kwa mhudumu bila kungoja ni mtoto kuvuka mwisho wa kisanduku, kutumia upande mmoja tu wa mwili, kutogeuka kwenye sauti, kutokukutazama machoni, au kupoteza jambo ambalo tayari aliliweza.

Sisemi programu za simu zitupwe. Kwa kukumbusha tarehe ni bora kuliko karatasi, video ya kumpakata mtoto vizuri titini inafundisha kuliko mchoro, na namba ya kuzungumza na muuguzi wa kweli ni neema kwa mzazi aliye mbali na kituo. Lakini nimejiwekea masharti kabla ya kuiamini yoyote. Iseme waziwazi imeandikwa na watu wa taaluma gani na ilihaririwa lini. Inapotajiwa damu ukeni, mtoto kuacha kucheza tumboni au degedege, ijibu kwa kukuelekeza kituoni mara moja, isikupe makala ya kusoma. Isiuze kitu. Sharti hili la mwisho ni zito kuliko linavyoonekana. Tangu mwaka 1981 Baraza la Afya Duniani limepitisha kanuni zinazokataza kutangaza maziwa mbadala kwa wazazi, na ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 ilionyesha jinsi watengenezaji wa maziwa hayo wanavyowafikia wajawazito na akina mama kupitia programu za simu, vilabu vya watoto na huduma za ushauri mtandaoni. Mama aliyechoka, mwenye chuchu zilizochubuka, anayeuliza usiku kama maziwa yake yanatosha, anastahili jibu la mtu asiye na kopo la kumuuzia. Na ujue pia kwamba tarehe yako ya kujifungua ni taarifa yenye thamani kubwa kwa wafanyabiashara; soma inakokwenda kabla ya kuijaza.

Kuhusu akina baba, kijitabu kimewapa mstari mmoja wa jina na mmoja wa namba ya simu. Mume wangu ndiye aliyekuwa akikisoma kwa sauti jioni ya kila siku ya kliniki, na kwa kufanya hivyo alijua dalili za hatari kabla yangu na alijua ni siku gani nisiende peke yangu. Ukurasa wa maandalizi ya kujifungua, unaouliza ni kituo gani, ni usafiri upi usiku, nani atabaki na watoto wengine na nani anaweza kutoa damu ikihitajika, haupaswi kujazwa na mama akiwa peke yake kwenye benchi la kliniki. Peleka nyumbani, ujazwe mezani na wote watakaohusika.

Kwa uimara, kijitabu hakijapita mtihani. Jalada ni karatasi ngumu inayolowa, na mshono wa katikati huachia kabla mtoto hajamaliza chanjo. Kitieni kwenye mfuko wa plastiki unaofungwa, na baada ya kila hudhurio pigeni picha kurasa zilizojazwa, maana kituo kikipata rejista zake kwa shida, picha hizo ndizo zitakazoonyesha ni chanjo zipi mtoto amepata na ni kundi gani la damu la mama, hasa ikiwa ni Rhesus hasi, jambo linaloweza kugusa mimba inayofuata.

Jambo la mwisho ni miaka baada ya chanjo. Chati imechorwa hadi miezi 60, yaani miaka 5, lakini katika vijitabu karibu vyote nilivyoviona nukta zinakoma mtoto anapopata chanjo yake ya mwisho katika mwaka wa pili, na baada ya hapo ukurasa ni mweupe. Mtoto wa miaka mitatu bado anaweza kudumaa, bado anaweza kuwa na sikio lisilosikia vizuri au jicho lisiloona vizuri, na maneno yake yanaweza kuwa machache kuliko inavyotarajiwa, bila kuonekana mgonjwa. Ningependa toleo lijalo liweke mahudhurio ya miaka 3, 4 na 5 kwa tarehe kama yalivyowekwa ya ujauzito, yakiwa na nafasi za urefu, macho, masikio, meno na usemi. Kwa sasa mimi huchora safu hizo kwa kalamu na rula kwenye karatasi mbili tupu za mwisho, huwapeleka wanangu kupimwa, na sijakutana na muuguzi aliyekataa kuzijaza.